Mbili kwa Usiku: Jinsi ya Kutazama Tamthilia Kongwe ya Anga za Juu Bila Kuvimbiwa

"Mwalimu, ile sizoni ya zamani ya chombo cha angani tuanzie wapi?"

Swali hilo nimeulizwa kituo cha daladala Ngaramtoni. Nimeulizwa mashineni nikisubiri zamu ya kusaga. Mara moja nimeulizwa hata msibani, jamaa akininong'oneza huku kashika sahani ya makande. Wanaouliza wanajua kwamba kila Jumamosi jioni, sebuleni kwangu hapa Olmotonyi, tunakusanyika majirani na vijana wa Chuo cha Misitu kutazama Star Trek, ile ya kwanza kabisa, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969.

Wengi wao wameshajaribu wenyewe wakashindwa. Walijifungia wikiendi nzima na sehemu kumi. Walipofika ya sita wakaona zote ni moja, ya nane wakasinzia, Jumatatu wakaifuta kwenye flashi wapate nafasi ya nyimbo. Kisha wanakuja kuniambia picha za wazee hazina ladha. Mimi huwauliza: kama ungekula ugali wa wiki nzima kwa mlo mmoja, ungesema unga ndio mbaya?

Nimeandika majibu yangu yote mahali pamoja, ili siku nyingine nikiulizwa msibani niseme tu, "Kasome."

Kwanza, jua unachokula

Tamthilia za zamani ziko za aina mbili, na kila aina ina kipimo chake. Ukizichanganya umeharibu.

- Za kila sehemu na kisa chake. Star Trek ya kwanza ni ya namna hii. Kila sehemu ina dakika kama 50, kisa kinaanza na kuisha, na wiki inayofuata mambo yamerudi palepale kana kwamba hakuna aliyewahi kuumia. *The Twilight Zone* ya 1959 hadi 1964 nayo iko hivyo, tena kila sehemu ina watu wake wapya.
- Za kisa kimoja kirefu. *Babylon 5*, iliyoanza kwa filamu mwaka 1993 kisha ikaonyeshwa kama tamthilia 1994 hadi 1998, ina sehemu 110, na mwandishi wake J. Michael Straczynski aliipanga tangu mwanzo iwe hadithi moja ya miaka mitano. *Battlestar Galactica* mpya, iliyoanza 2003 na kuisha 2009, nayo huwezi kuiruka ruka.

Aina ya pili inavumilia kutazamwa sehemu tatu au nne kwa mkupuo, kwa kuwa kila sehemu inakuachia njaa ya inayofuata. Aina ya kwanza haivumilii. Ilitengenezwa mtu aitazame mara moja kwa wiki, akalale, aende kazini, abishane na wenzake siku sita, ndipo arudi. Ukiondoa zile siku sita, kinachobaki ni marudio: kapteni anachaniwa shati, mtambo wa kusafirisha watu unaharibika, na baharia asiye na jina anakufa dakika ya tano. Hayo marudio hayakuwaudhi watazamaji wa 1966 kwa sababu waliyapata kwa wiki. Wewe umeyapata kwa saa.

Kanuni ya nyumba: mbili, kisha rimoti inalazwa

Utaratibu wetu ni huu, na umetufikisha mbali kuliko ari yoyote:

1. Tunaanza saa moja na nusu usiku, aliyefika na asiyefika.
2. Tunatazama sehemu ya kwanza bila kusimamisha, isipokuwa kwa mtafsiri (nitamfikia).
3. Chai na maandazi, nusu saa ya mazungumzo. Huu ndio moyo wa usiku. Usiukate.
4. Tunatazama sehemu ya pili, *kama bado watu wana hamu*.
5. Kabla ya saa nne na nusu taa ya nje inawashwa na kila mtu anashika njia. Huku kwetu kuna baridi, kuna mbwa, na barabara ya msituni haina taa. Wazazi wa watoto wakubwa wakijua saa ya kurudi haibadiliki, watawaruhusu tena.

Sehemu zote ni 79. Kwa mbili kila Jumamosi ni wiki 40. Utasema, "Mwalimu, huo si mwaka mzima?" Karibu. Lakini wewe uliyetaka kuimaliza kwa wiki mbili umekwama sehemu ya nane, na sisi tulimaliza.

Kwa nini kanuni ya nne ina "kama"

Nina jirani ambaye ujana wake wote alikuwa mwanaapolo, anachimba tanzanite Mererani. Kwa kawaida huja kwa ajili ya chai, na picha ikianza tu husinzia. Jumamosi moja zamu ilikuwa ya "The Devil in the Dark", sehemu ya Machi 1967. Ni kisa cha wachimbaji walio chini ya ardhi ya sayari ya mbali, wanauawa mmoja mmoja na kitu kinachopita ndani ya mwamba kama sisi tupitavyo hewani.

Dakika ya kumi mzee aliweka kikombe chini. Hakukishika tena, chai ikafanya utando juu. Ilipofika pale wanapogundua kile kitu kwa nini kinaua (siwaambii), nilimsikia anavuta pumzi kwa meno. Picha ilipoisha hakusema lolote juu yake. Alianza kutueleza jinsi taa ya kichwani inavyofifia ukiwa mbali na mdomo wa shimo, jinsi mwamba unavyotoa sauti kabla haujaachia, na jinsi wao walivyokuwa wakivunja kila kilicho mbele yao bila kuuliza ni nini. Vijana wa chuo waliokuwa na simu mkononi waliziweka chini.

Ilikuwa zamu ya "The City on the Edge of Forever" baada ya hapo, ambayo wapenzi wengi wa Star Trek huihesabu kuwa bora kuliko zote. Hatukuigusa. Ilisubiri wiki. Laiti ningebonyeza rimoti mara tu majina yalipoanza kupanda, yule mzee asingefungua kinywa, nasi tungekosa kilicho kizuri kuliko picha yenyewe.

Mahali pa kuanzia, kwa asiye na mwaka mzima

Usianze na "The Cage". Wapo watakaokwambia ndiyo ya kwanza, na kweli ilitengenezwa kwanza, lakini kituo cha televisheni kiliikataa na ilikaa bila kuonyeshwa kamili kwenye televisheni hadi 1988. Karibu wahusika wote ni wengine. Iache ya mwisho, iwe kama kuangalia picha za babu kabla hajaoa.

Anza na hizi 12, usiku sita:

- Usiku wa 1: "The Man Trap" na "Balance of Terror"
- Usiku wa 2: "Arena" na "Space Seed"
- Usiku wa 3: "The Devil in the Dark" na "The City on the Edge of Forever"
- Usiku wa 4: "Amok Time" na "The Changeling"
- Usiku wa 5: "Mirror, Mirror" na "The Trouble with Tribbles"
- Usiku wa 6: "The Enterprise Incident" na "Let That Be Your Last Battlefield"

Mkimaliza na bado mna hamu, rudini mwanzo mfuate mpangilio wa kuonyeshwa. Kama hamna hamu, mmepata kilicho bora, hamna deni na mtu. Aliyependa "Space Seed" ana zawadi yake: adui wa sehemu ile alirudi kwenye filamu ya 1982, *The Wrath of Khan*.

Tahadhari mbili za mpangilio:

- Sehemu iliyoonyeshwa ya tatu, "Where No Man Has Gone Before", ilipigwa kabla ya nyingine za msimu huo. Usishangae mavazi yamebadilika, daktari ni mwingine na Uhura hayupo. Flashi yako haijakosewa.
- Msimu wa kwanza una sehemu 29, wa pili 26, wa tatu 24. Wa tatu ulipunguziwa bajeti na kusukumwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wa Marekani wako matembezini. Inaonekana. Kwenye msimu huo ruka bila aibu. "Spock's Brain" hata wenye mapenzi ya kufa huicheka.

Bando, flashi na umeme

Hapa ndipo wengi wanapokwamia, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

*Bando.* Picha ya kawaida inakula kati ya nusu GB na GB moja kwa saa. Picha kali, ya HD, inaweza kufika GB tatu. Sehemu 79 ni kama saa 66. Piga hesabu mwenyewe: kwa HD ni karibu GB 200, kwa ya kawaida haizidi 66. Tamthilia ilipigwa miaka ya 1960. Kwenye tivi ya inchi 32 picha ya kawaida inatosha kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya programu unayotumia, shusha ubora *kabla* ya kubonyeza kucheza. Programu nyingi zikiachiwa huchagua zenyewe, na hazichagui kwa huruma ya mfuko wako.

*Njia halali.* Kazi hizi bado zina wenyewe. Kabla ya kulipia huduma yoyote, hakikisha inaionyesha tamthilia hii hapa Tanzania, maana orodha ya Marekani si orodha ya huku. Njia ninayoipenda mimi ni seti ya DVD. Nilimwagiza ndugu aliyekuwa anarudi nyumbani. Ilinigharimu mara moja, na tangu hapo haijaniomba bando wala haijaniambia muda umekwisha.

*Ukitumia flashi kwa video zako halali,* makosa ni yaleyale matatu kila siku:

- Faili moja kubwa kuliko GB 4 haliingii kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, hata kama flashi ni tupu. Fomati upya kwa exFAT, lakini kwanza hakikisha tivi yako inaisoma.
- Tivi ya zamani inatoa sauti bila picha, au picha bila sauti. Haijafa. Haijui aina ya faili. Unganisha laptopu kwa waya wa HDMI uachane na malumbano.
- Maandishi ya chini hayatokei. Faili la maandishi lipewe jina lilelile la video, herufi kwa herufi, na viwekwe folda moja.

*Umeme.* Utakatika, na utachagua dakika ya 47. Chaji laptopu tangu mchana. Umeme ukikatika chomoa tivi ukutani, kwa sababu kinachoua tivi ni kishindo cha umeme unaporudi. Na andika kwenye karatasi dakika mliyofikia. Usiku ule mkianza kubishana "tulikuwa tumefika wapi", mmemaliza.

*Umbo la picha.* Tamthilia hizi zilipigwa kwa tivi za mraba. Michirizi myeusi kushoto na kulia ni halali yake. Kuna mtu katika kila familia atakayechukua rimoti na kuivuta picha ijae kioo, na Kapteni Kirk atakuwa mpana kama kabati. Mnyang'anye rimoti kwa heshima.

Lugha: mtafsiri ni mmoja tu

Si wote wanaosikia Kiingereza, na cha 1966 kina maneno ya mashine yaliyobuniwa tu. Tuliokulia vibanda umiza tulizoea marehemu Lufufu akitutafsiria muvi kwa Kiswahili, na majirani zetu wa Kenya wana DJ Afro. Ule utaratibu ulikuwa na siri moja: anayesema ni *mmoja*. Sebuleni wakisema watatu, hakuna anayesikia.

- Chagua mtafsiri wa usiku huo kabla ya kuanza. Vijana wapokezane kwa wiki.
- Mtafsiri anasimamisha picha mara nne au tano tu kwa sehemu nzima, anaeleza kwa sentensi mbili, anaachilia.
- Haruhusiwi kusema kitakachokuja. Hapa ndipo penye kesi. Vijana wengi wakishatazama kwenye simu hawawezi kujizuia: "Bibi subiri, huyo si mtu huyo!" Kwetu faini ni kuosha vikombe vyote. Imetosha.
- Mwache bibi aulize "Steringi ni nani hapa?" bila kumcheka. Ni swali zuri. Kwenye Star Trek jibu lake si rahisi, na wengi mtashangaa kwamba baada ya usiku wa tatu bibi atasema steringi ni Spock.

Kuna zawadi moja kwa Waswahili. Katika "The Man Trap", sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966, kuna kiumbe kinachojigeuza. Kinamtokea Luteni Uhura kwa sura ya mwanamume mweusi, na kinamsemesha Kiswahili. Mara ya kwanza sebule yangu ililipuka. Tulirudisha nyuma mara tatu. Matamshi yamepinda na sarufi inachechemea, mama mmoja akasema, "Huyu kajifunzia njiani." Lakini tukumbuke: mwaka ule Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na hatukupata hadi 1994. Lugha yetu ilifika angani kabla sisi hatujafika kwenye tivi. Utaisikia tena katika "The Changeling" ya Septemba 1967, Uhura akifutwa kumbukumbu na kufundishwa kusoma upya. Mwambie mtafsiri anyamaze hapo.

Nini cha kuzungumza wakati wa chai

Wengine huniambia, "Sisi tukimaliza kutazama hatuna la kusema." Mnalo, ila hakuna anayechokoza. Mwenye nyumba aje na dokezo moja kwa usiku, si zaidi. Ukileta matano umegeuza sebule kuwa darasa. Haya ni ya kuanzia:

- Jina la Uhura. Nichelle Nichols, aliyeigiza, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho *Uhuru*. Neno likapendwa, likalainishwa likawa jina. Uliza wazee: mwaka 1966 neno hilo lilikuwa na uzito gani masikioni mwao, miaka mitano tu baada ya Desemba 1961?
- Dk. Martin Luther King. Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Alieleza kwamba King alimsihi abaki, kwa kuwa mwanamke mweusi aliyekaa kwenye daraja la chombo kama afisa, si kama mtumishi, alikuwa jambo ambalo Marekani ilikuwa haijalizoea. Baadaye alifanya kazi na NASA kuwavuta wanawake na weusi waombe kuwa wanaanga. Alifariki Julai 2022.
- Uhuru nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Watoto wengi waliozaliwa Afrika Mashariki hawajui.
- Vikopo vya chumvi. Kwa "The Man Trap" walinunua vikopo vya chumvi vya kisasa, wakaona watazamaji hawatavitambua kuwa ni vya chumvi. Vikaishia kuwa vifaa vya upasuaji vya daktari. Waambie watoto wavitafute.
- Mwezi. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 3 Juni 1969. Wiki saba baadaye binadamu alitua mwezini. Mliokuwapo, mlisikia habari ile kwenye redio ya nani?

Mengine yatajileta. Usiku wa "The Trouble with Tribbles", vile viumbe vya manyoya vinavyozaana kadiri vinavyolishwa, sisi tulicheka tu. Vijana wa misitu walianza kubishana juu ya mimea vamizi: nani alaumiwe, mmea uliojaa shambani au aliyeuleta kwa sababu ya maua yake? Ubishi uliendelea hadi getini.

Pingamizi ninazosikia kila mara

*"Picha zake za kitoto. Mawe ni ya boksi."*
Ni kweli. Hata ule mtambo wa kusafirisha watu kwa mwanga ulibuniwa kwa sababu kutua na chombo kila wiki kungekula fedha nyingi. Wape sehemu tatu. Jicho linazoea haraka kuliko unavyodhani, kama lilivyozoea jukwaa la maigizo la shule ambapo shuka ni bahari.

*"Mwenzangu wa nyumbani hataki."*
Usimburute. Mpe sehemu moja tu, tena ya kicheko: "The Trouble with Tribbles". Akikataa, chukua Jumamosi yako, naye umwachie Jumapili jioni yote na tamthilia yake bila kununa. Tivi ni moja, ndoa pia.

*"Wanafunzi watafeli."*
Aliyekesha na sehemu tisa kitandani atapata sapu. Aliyetazama mbili sebuleni kwa watu akarudi hosteli kabla ya saa tano hana kisingizio. Wiki ya mitihani sisi hufunga kabisa.

*"Je, inafaa watoto?"*
Kwa wa miaka kumi na kuendelea, mara nyingi ndiyo. Kuna ngumi, kuna vifo bila damu nyingi, na sketi ni fupi kweli. Tazama peke yako kwanza. Kiumbe wa "The Man Trap" alimnyima mjukuu wangu usingizi siku mbili.

*"Mimi sitaki Star Trek."*
Sawa, kanuni inabaki: jua aina, kisha pima. Na epuka mitego hii:

- *Battlestar Galactica* mpya haianzi na sehemu inayoitwa "33". Inaanza na filamu ndefu ya 2003. Ukiiruka utauliza maswali mwaka mzima.
- *Firefly* ya 2002 ina sehemu 14 tu, inafaa kwa mwezi mmoja. Kituo kilizionyesha ovyo ovyo. Fuata mpangilio wa DVD. Anza na sehemu iitwayo "Serenity". Ipo pia *filamu* yenye jina hilohilo, ya 2005. Hiyo ni ya mwisho. Ukizibadilisha umejimalizia uhondo.
- *Stargate SG-1* ina sehemu 214. Usimwahidi mtu kwamba mtaimaliza.

Makosa yetu wenyewe, mjifunze bure

1. Pasaka moja tulitazama tisa kwa siku mbili. Hadi leo hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa sayari gani. Tulizirudia zote.
2. Tuliwahi kuweka tivi karibu na jiko la mkaa kwa ajili ya baridi, dirisha limefungwa. Watu wakaanza kuumwa kichwa tukadhani ni picha. Moshi usioonekana wa mkaa unaua. Vaeni mablanketi, jiko likae nje.
3. Tuliwahi kualika watu 20. Walio nyuma hawakuona, wakaanza stori zao. Sebule ya kawaida inatosha watu wanane au tisa.
4. Tulimwachia mwenye nyumba gharama zote. Sasa kila mmoja huja na kitu: sukari, maziwa, bisi, au kuni za kuchemshia chai nje. Hakuna anayekuja mikono mitupu, na hakuna anayeulizwa.
5. Tulitaka kumaliza. Hilo ndilo lililozaa mengine yote.

Basi, msomaji, Jumamosi hii chagua sehemu mbili, ita watu watano, chemsha chai kabla ya kuwasha tivi. Ya kwanza ikiisha, laza rimoti kifudifudi mezani na umwangalie aliye kimya kuliko wote. Mpe muda. Na ukinikuta msibani, tafadhali, tuzike kwanza.